Uso wa Hakuna

Jumatatu, 4 Machi 1985. Nyasho, Musoma.

Daftari hili lina jina lake kwenye jalada: KITABU CHA MALALAMIKO. Lilikaa miaka saba juu ya kaunta ya duka la ushirika kule Bunda, limefungwa kwa kamba lisiibwe, na hakuna mteja hata mmoja aliyeandika neno. Duka lilipofungwa mwaka jana nikalichukua, maana karatasi zake ni nzuri na zina mistari. Nimekuwa nikijivunia weupe wake. Miaka saba nimeuza na sijalalamikiwa.

Leo nimeanza kazi kwa Mama Nyamburi, duka la vitambaa karibu na soko. Nusura nifukuzwe kabla ya saa nne asubuhi.

Ilikuwa hivi. Ameingia mama mmoja amelowa mvua, akauliza, "Kanga zipo?" Nikamjibu, "Hakuna." Sikufikiri kabisa, mdomo ulijibu wenyewe. Yule mama akanitazama, halafu akatazama nyuma ya kichwa changu, ambako kanga zimepangwa mpaka kwenye dari. "Na hizo je?" Nikageuka nikaziona. Mungu anisamehe, nilikuwa tayari kumwambia hizo ni za wenye vibali.

Mama Nyamburi alikuwa kwenye kiti chake pale mlangoni, akasikia yote. Ni mjane, mnene, mkimya. Hakunifokea. Alinyanyuka akamuuzia yule mama mwenyewe, na mteja alipotoka akaniambia, "Apolinary, mimi sikukuajiri ulinde vitambaa. Nimekuajiri uviuze. Na huo uso wako sijui uliupatia wapi, unafukuzaga watu wangali barabarani. Nakupa mpaka mwisho wa mwezi wa tano, mvua zikatike. Ukijifunza kucheka na wateja utabaki. Ukishindwa urudi kwenu."

Kwetu ni kijijini, kule rasini, mbali na hospitali. Mke wangu Dafroza ana mimba ya miezi mitano. Mtoto wetu wa pili alizaliwa kule kwetu na tukamzika kule kule siku ya pili yake, gari la kumleta mjini likiwa bado halijafika. Dafroza ameapa hazai tena kule. Kwa hiyo hili la kucheka si mchezo, ni chumba chetu hapa Nyasho na ni huyo mtoto anayekuja.

Halafu niseme jingine: Mama Nyamburi mwenyewe sijamwona akicheka. Nilimwuliza kwa adabu. Akajibu, "Mimi ni mwenye duka. Muuzaji ni wewe."

5 Machi.

Mvua. Nimecheka na wateja wanne. Wawili wamerudi nyuma.

7 Machi.

Magesa, fundi cherehani wa barazani hapo dukani, anasema nikicheka nafanana na mtu anayeng'olewa jino. Nimemwambia ashone.

9 Machi, Jumamosi.

Mvua imefukuza watu, nina nafasi ya kuandika.

Watu wanadhani nimezaliwa na uso huu. Hapana, nimeufanyia kazi. Miaka ile ya foleni, watu walikuwa wanapanga mawe na vikapu mlangoni kabla jua halijatoka, kwa sabuni tu. Ukionyesha tabasamu hata dogo, foleni nzima inaamini una kitu chini ya kaunta. Na ukilegeza uso, mtu anaanza kukueleza shida zake. Akishaeleza utamhurumia, na ukimhurumia utampa nini, wakati hakuna? Basi nikajifunza kukunja nyusi, kubana midomo, kuinua kidevu. Jioni taya zinauma. Na nilikuwa narudi nyumbani na uso huo huo, maana hakukuwa na mahali pa kuuacha njiani.

Dorotea, binti yetu wa miaka sita, akicheza duka na wenzake, yeye ndiye muuzaji. Leo nimemsikia nje ya dirisha. Mwenzake anauliza, "Chumvi ipo?" Yeye kimya kwanza, kisha: "Hakuna." Nilichungulia. Alikuwa ameinua kidevu.

12 Machi.

Nimejizoeza mbele ya kioo cha Dafroza. Nyusi juu, mashavu juu, meno nje. Dafroza akaingia, akasimama, akauliza, "Umefanya nini?"

"Sijafanya kitu. Nacheka."

"Na nani?"

Nilimweleza habari yote ya kazini. Hakuamini mpaka alipoenda kumwuliza Magesa.

15 Machi.

Kwaresima. Hata Kanisa linaruhusu uso wa huzuni siku hizi, lakini si Mama Nyamburi.

18 Machi, Jumatatu.

Jambo limetokea, nami nataka kuliandika vizuri kabla sijalisahau.

Nina tabia ya kuweka penseli mdomoni nikipima kitambaa. Huwa naibana kwa midomo, ncha mbele. Leo Mama Nyamburi amenitazama kwa muda, akasema, "Itoe hiyo. Ukiibana hivyo umenuna mara mbili. Kama lazima ikae mdomoni, ilaze, uiume kwa meno, angalau meno yako yaonekane." Nikaiuma kwa meno, kwa hasira kabisa, nikasema moyoni ngoja aone sura yangu sasa.

Nikakaa nayo hivyo asubuhi yote. Mchana akaja mzee mmoja kununua kaki ya kaptula. Nikamwuliza nimpimie kiasi gani. Akashika tumbo lake, akasema, "Pima la mwaka huu. La mwaka juzi lilikuwaga dogo." Nikacheka. Si kicheko kile cha kazini, nilicheka kabla sijaamua, penseli ikaanguka chini ya kaunta. Mzee akafurahi, akaongeza nusu mita.

Nimelifikiria njia nzima ya kurudi. Utani wenyewe haukuwa mkubwa. Bunda niliambiwa utani mzuri zaidi ya huo na sikutikisika. Kitu pekee kilichobadilika leo ni penseli.

19 Machi.

Nimefanya jaribio. Asubuhi penseli kwa midomo, mchana kwa meno. Asubuhi nimegombana na Magesa, na muuza samaki wadogo, furu, na mlango wa duka unaokwama. Mchana mlango umekwama vile vile lakini sikugombana nao.

20 Machi.

Nimegeuza: asubuhi meno, mchana midomo. Magesa aliponunua maandazi asubuhi alinipa moja tukacheka. Mchana nilimwambia maandazi yake yalikuwa mabichi. Maskini, hakujua kosa lake ni nini.

21 Machi.

Nimemweleza Magesa ukweli. Nimemwambia na yeye aache kubana pini kwa midomo kutwa nzima, ndiyo maana msimu wa harusi anagombana na kila bibi harusi. Amesema pini haziumwi kwa meno, na mimi nitafute mganga.

23 Machi.

Paa limevuja juu ya kitanda. Nimeuma penseli jioni yote. Haikusaidia. Penseli si dawa ya paa.

28 Machi.

Nilidhani hasira inatoka moyoni na kupanda usoni, basi. Sasa naona ipo na njia ya kushuka. Uso ukikunjwa kutwa, moyo nao unaanza kutafuta kosa la kukunjia. Na kosa halikosekani, hasa kwa Magesa.

Wateja wameanza kunisalimia kwa jina.

7 Aprili. Pasaka.

Tumekula sato mzima, na wali. Nimewachekesha Dafroza na Dorotea bila penseli. Dafroza amesema, "Unajua, nilikuwaga na maswali ya kukuuliza ukirudi. Nakuangalia usoni pale mlangoni, nayakunja, nayaweka." Nikamwuliza maswali gani. Akasema mengi ameyasahau. Hilo limeniuma.

11 Aprili.

Mvua, mvua. Mauzo mazuri hata hivyo.

17 Aprili, Jumatano.

Sijui nianzie wapi. Nadhani kazi imekwisha.

Mama mmoja ameingia karibu saa tano, umri kama hamsini, katambuga zake za matairi zimejaa tope mpaka kwenye vifundo. Anatoka pande za Butiama, anaoza binti mwezi wa sita, anataka vitenge. Akaweka mikono yake juu ya kaunta, yote miwili, imelala wazi. Hapo hapo nikamjua. Uso wake nilikuwa nimeusahau, lakini si ile mikono.

Mwezi wa kumi na moja mwaka themanini na tatu aliiweka hivyo hivyo, Bunda. Alisema, "Baba, nimefiwa na mume wangu. Naomba bafta ya sanda." Nikamwuliza kibali. Alikuwa na barua ya balozi wa nyumba kumi, haikuwa na mhuri. Chini ya kaunta, karibu na magoti yangu, nilikuwa na majora mawili ya bafta, nyeupe, na mfukoni karatasi yenye majina ya watu waliokuwa wameshawekewa. Nikamwambia, "Hakuna." Akabaki amesimama. Nikabana uso zaidi. Akasimama mpaka wa nyuma yake akamsukuma. Na siku ile sikusikia kitu ndani yangu. Nakumbuka vizuri kwamba sikusikia kitu, na nilijisifu kwa hilo, nikasema leo nimekuwa imara.

Leo yeye hakunitambua. Penseli ilikuwa kwenye meno. Alichagua kitenge cha kijani, nikaanza kupima, akawa ananitazama, halafu akasema, "Una uso mzuri, baba. Alikuwaga mmoja Bunda, duka la ushirika, mnafanana sura. Ila yule uso wake ulikuwa umefungwa. Yule simsahau mpaka nakufa. Si ndugu yako?"

Ningeweza kusema hapana mama, hata simjui. Mama Nyamburi alikuwa kitini, wateja watano ndani, Magesa anakanyaga cherehani. Mambo yangeishia hapo. Nikatoa penseli nikasema, "Ni mimi."

Akacheka. "Acha utani, baba. Siyo wewe."

Hapo nikafanya jambo ambalo sijui nililitoa wapi. Nikauvaa ule uso. Nyusi, midomo, kidevu. Ulikuja upesi, haukuhitaji kioo. Na ulipokaa sawasawa, kile kitu nacho kikaja. Ubaridi. Nilimtazama yule mama aliyefiwa na kwa muda huo alikuwa mtu wa kwenye foleni tu, namba fulani, ambaye angenichelewesha. Niliogopa. Sijawahi kujiogopa hivyo.

Aliniona. Mikono yake ikatoka juu ya kaunta. Akasema polepole, "Ndiye wewe."

Basi uso ukanishinda. Nikajaribu kuurudisha wa kucheka, nikajaribu wa zamani, zote zikakataa. Nikalia. Mtu mzima, baba wa familia, nimelia mbele ya wateja watano, machozi yanadondoka juu ya kitenge cha watu. Nikamwambia bafta ilikuwepo. Nikamwambia ilikuwa chini pale, karibu na magoti yangu. Nikamwambia nisamehe mama, na sikumaliza.

Magesa akaacha kukanyaga cherehani. Yule mama akasema, "Tulimzika na kanga yangu ya harusi. Nyekundu." Hakusema kwa ukali. Kisha: "Maliza kupima."

Nikapima. Nikakosea, nikaanza upya. Alilipa akatoka bila kuaga.

Mama Nyamburi amesema neno moja tu kutwa: "Kitenge kimelowa. Umemuuzia mteja kitambaa kilicholowa."

18 Aprili.

Mama Nyamburi hajasema kitu.

19 Aprili.

Hajasema. Magesa ameniletea chai bila kuambiwa, na hajanitania. Hiyo ndiyo imenitisha zaidi.

20 Aprili.

Nimemweleza Dafroza, yote, hadi majora mawili. Alikuwa anachambua mchele, akaacha. Akasema, "Siku hiyo naikumbuka. Ulirudi ukala ugali wote, ukalala. Nilikuuliza kuna nini dukani, ukaniangalia tu. Nikajiuliza, huyu mume wangu wamempeleka wapi." Halafu akasema afadhali kulia kule kuliko kula kule. Nimejisikia mwepesi kidogo, ingawa kama nikifukuzwa yeye ndiye atakayebeba mzigo.

25 Aprili.

Barabara ya Bunda imekatwa na maji. Wateja watatu. Penseli nimeiacha nyumbani toka Jumatano ile. Sioni haki ya kutembea na meno nje.

2 Mei.

Mama Nyamburi ameniuliza, "Penseli iko wapi?" Nikasema nyumbani. "Kesho uje nayo. Hapa si msibani." Sijui niichukulie vipi. Mtu anayetaka kukufukuza hajali penseli yako.

3 Mei.

Nimeenda nayo.

11 Mei, Jumamosi.

Amerudi. Safari hii amekuja na binti mwenyewe, Getruda, kupimwa na Magesa kwa ajili ya magauni. Anaitwa Wankyo, yule mama. Sikuwa nimelijua jina lake.

Alipokuwa anasubiri barazani nikatoka, nikamwamkia. Akaitika. Nikamwambia, "Mama, kule Bunda palikuwa na kitabu cha malalamiko. Ninacho. Hakuna aliyewahi kuandika. Nakuomba wewe uandike." Nilikuwa nimekibeba kwenye mfuko toka asubuhi ya siku ya kwanza barabara kufunguliwa, maana kama angekuja sikutaka kukikosa.

Akakifungua, akaona kurasa za mbele zimejaa mwandiko wangu. Akauliza haya yote ni nini. Nikasema ni malalamiko yangu mwenyewe. Alitabasamu kidogo sana. Akasema macho yake hayaoni herufi ndogo, yeye atasema na mimi niandike. Nimeandika kwenye ukurasa wa nyuma kabisa, kwenye mistari iliyochapwa, neno kwa neno:

Jina la mlalamikaji: Wankyo, wa Butiama.
Lalamiko: Nilikuja kuomba sanda ya mume wangu nikaambiwa hakuna. Ilikuwepo. Sikukasirikia sanda. Nilikasirika kwa sababu aliyeniambia hakuna hakunionea huruma hata usoni.
Hatua iliyochukuliwa:

Nikamwuliza hapo niandike nini. Akasema, "Hapo acha kwanza."

Mama Nyamburi alikuwa amesimama nyuma yetu, sijui tangu lini. Akasema na mimi, kwa sauti ya chini ambayo sijawahi kuisikia kwake, "Mume wangu alizikwa na shuka la kitandani. La maua. Ndiyo maana nilipopata nafasi nikafungua duka la vitambaa, siyo la sukari." Kisha akarudi kitini, akamkemea mtoto aliyekuwa anashika kanga kwa mikono ya mafuta.

Miezi miwili na zaidi nimemsema moyoni kwamba ana uso mbaya kuliko wangu. Sitamsema tena.

14 Mei.

Mvua zimepungua. Nimeuza majora mawili ya bafta kwa watu wa msiba wa Nyasho hapa hapa. Niliwapimia kwa uangalifu. Uso wangu ulikuwa wa huzuni, na moyo nao ulikuwepo.

20 Mei.

Magesa anauma penseli. Nilimkuta. Amesema ilikuwa inamsumbua mfukoni.

29 Mei, Jumatano.

Wankyo na Getruda wamechukua magauni. Getruda amelivaa lake papo hapo barazani, lile la kijani, akazunguka, akacheka, na mama yake naye akacheka, na mimi pia. Hapakuwa na penseli mdomoni mwa mtu yeyote.

Wakati wa kuondoka Wankyo akaja kaunta. Akaweka mikono yake, imelala wazi. Akasema, "Kile kitabu unacho?"

Nikakitoa.

"Pale tulipoacha, andika: nimeona."

"Nimeona tu, mama?"

"Nimeona inatosha. Na harusini uje, na mama watoto, kama tumbo litaruhusu."

Nimeandika.

31 Mei, Ijumaa.

Jua kutwa nzima. Nimefanya kazi nikisubiri kuitwa. Saa nne hakuniita, saa sita hakuniita. Nilipokuwa nafunga milango akasema kutoka kitini, hakugeuka, "Nilikuambia ujifunze kucheka. Kulia sikukuambia."

Nikasema, "Ndiyo mama."

"Tangu siku ile wanakuja hapa wananiuliza, yuko wapi yule baba aliyelia. Wanataka awapimie yeye. Sura yako bado mbaya, Apolinary. Jumatatu uje mapema, kuna mzigo unaingia kutoka Sirari, mpakani."

Nikasema asante mama, asante mama, kama mara nane. Mtoto atazaliwa hapa, hospitali ipo pale ninapoiona. Nilipita kwa Mkurya mmoja mwenye duka hapa Nyasho nikanunua kilo ya sukari, nikaificha mgongoni, na mlangoni nikasimama nikauvaa ule uso wa Bunda, ili nimtanie Dafroza. Nyusi, midomo, kidevu.

Dafroza alikuwa amekaa, mikono juu ya tumbo, amekuwa akisubiri toka mchana. "Vipi? Kazi ipo?"

"Hakuna," nikasema.

Nilijitahidi. Nilihesabu moja, mbili, na kwenye tatu midomo ikaanza kuteleza pembeni yenyewe. Dorotea ndiye aliyeanza kucheka. Akasema, "Baba, ipo, naiona usoni." Dafroza akanirushia upawa, akaanza kulia na kucheka kwa pamoja, nami nikatoa sukari.